Sala Hufuata Viti

Siku niliporudisha ufunguo wa ofisi ya parokia, mupe wetu kijana (mupe ndivyo tunavyomwita padri huku Lubumbashi) alinipa rozari ya plastiki, ile ile wanayopewa watoto wa komunyo ya kwanza, akatangaza mbele ya wakristo wote kwamba nimeacha pengo kubwa. Kesho yake nilipita kuchukua mwavuli niliousahau. Pengo lilikuwa limeshazibwa. Juu ya meza yangu waliweka mashine ya fotokopi, na nasikia inafanya kazi vizuri kuliko mimi, kwa kuwa haijibu.

Haya ninawaandikia ninyi mnaonifuata, vijana mliopewa kazi ya kuangalia jumuiya za nyumbani hapa Ruashi. Mmehudhuria semina, mna vyeti vyenye mihuri, sina shaka na elimu yenu. Juu ya kupandishwa cheo sitasema kitu, maana katika kazi hii cheo cha juu kabisa ni kukabidhiwa ufunguo wa sakristia. Mshahara nao nitauacha. Parokia iliutunza kwa siri kuliko ungamo, hata mimi mwenyewe sikupata kuuona mara nyingi.

Kwa asiyejua jumuiya ni nini: parokia yetu ni kubwa, na hakuna padri anayeweza kumjua kila mtu. Basi majirani wa barabara chache wanakusanyika kila wiki nyumbani kwa mmoja wao, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Wanasoma Injili, wanaombeana, wanajua nani anaumwa na nani amekosana na mume wake. Hilo la mwisho linafanyika vizuri hata pasipo Roho Mtakatifu.

Siku yangu ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino. Nilikuwa nimetoka kufundisha shule ya msingi, nikadhani kazi ya Mungu itakuwa na sakafu. Ba Donatien, katekista mzee aliyepewa mzigo wa kunifundisha, aliviangalia viatu vile, akaishika baiskeli yake.

“Leo jumuiya ya Monika beko nasali, Mama Berthe,” akaniambia. “Enda. Nitakukuta kule.”

“Nyumba gani, Ba Donatien?”

“Miye sijue. Fuata biti.”

Akapanda, akaenda. Nikabaki njia panda na Biblia mpya kwapani, nikiamini kabisa kwamba mzee ananicheka. Biti ni viti, na viti gani vinafuatwa? Ruashi ya wakati ule kila mtu alikuwa anajijengea mwenyewe, tofali kwa tofali, na namba ya nyumba alijichagulia ile iliyompendeza, kwa hiyo kuulizia namba kulikuwa kujichosha bure. Nilisimama pale vumbi la mgodi likinipaka, mpaka nikaona mama mmoja anakuja na kiti cha plastiki cha buluu kichwani, miguu ya kiti ikitazama juu. Nyuma yake akatokea mwingine na chake. Kisha baba mmoja na viwili, kimoja ndani ya kingine. Nikawafuata. Visigino viliishia njiani, kimoja kwenye mtaro na kingine sijui wapi.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza desturi ya viti. Jumuiya yetu ilikuwa na viti vyake, vya buluu, jina la msimamizi wetu, Mtakatifu Monika, limeandikwa mgongoni kwa rangi nyeupe na mtu ambaye hakuwa na mkono wa kuandika. Vilikuwa havina nyumba. Vililala kwa yule aliyepokea sala mara ya mwisho, naye aliviosha na kuvitunza mpaka wiki iliyofuata, majirani walipokuja kuvibeba kuvipeleka kwa mwingine. Ukiona viti vinatembea barabarani, ujue ni siku ya sala, na ujue ni wapi. Hata walevi wa kona walijua.

Na mwenye nyumba, wiki ile, ndiye wa mwisho katika kila kitu. Anakaa wa mwisho, anakunywa maji wa mwisho, na mupe akija kusoma misa kwake, anapokea komunyo wa mwisho, baada ya wageni wote. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, ndiyo maana ilifuatwa.

“Sala njo inafuataka biti,” Ba Donatien aliniambia jioni ile, akinitazama ninavyotembea peku. “Siku biti itaikala fasi moya, mujue sala iko nakufa.”

Nilifikiri ni maneno ya mzee anayependa kusikika. Baadaye alinifundisha mengine yenye faida ya haraka zaidi. Alinifundisha kwamba chombo cha kwanza cha kazi hii ni tumbo, kwa sababu kila nyumba itakupa kitu, na ukikataa bukari ya mtu, yaani ugali wake, usirudi kumwambia habari za mkate wa uzima. Chombo cha pili ni mwavuli, unaofaa kwa mvua, jua na mbwa. Cha tatu ni kunyamaza. Katika mpango wetu wa sala, baada ya Injili kuna muda wa kimya, kila mtu aongee na Mungu moyoni. Nimefanya kazi na wajane, na wachimbaji, na watu waliogombea kiwanja mpaka mahakamani, lakini sijaona jambo gumu kama kuwapatia kimya bamama wa jumuiya ya Monika.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi, na nyingi hazikuwa na utakatifu wowote. Kulikuwa na wale wanaoikumbuka jumuiya wiki moja kabla ya ubatizo wa mtoto, wanafika wakitabasamu, wanaimba kwa sauti kuliko wote, na baada ya ubatizo huwaoni mpaka mtoto wa pili. Kulikuwa na baba mmoja ambaye kila akifunguliwa nafasi ya kuombea wengine, alimwombea jirani yake apunguze kelele za redio, akimtaja kwa jina, na jirani amekaa pembeni yake. Kulikuwa na mashindano ya vinywaji. Sheria ilikuwa maji tu, ila mmoja alianza kuongeza maandazi, wa pili akaleta soda, wa tatu akachinja kuku, na wa nne, aliyekuwa hana kitu, akaanza kuugua kila zamu yake inapokaribia. Nilizunguka nyumba zote nikirudisha maji mezani. Sijawahi kuchukiwa vile tena, hata siku niliyogawa nafasi za kwaya.

Nyumba niliyopenda kuliko zote ilikuwa ya Papa Anaclet (papa huku ni baba tu, si yule wa Roma). Alikuwa mstaafu wa reli, mtu wa kaskazini ya Katanga, na mke wake ni Mama Feli. Walikaa karibu na uzio wa mgodi katika chumba kimoja na kibaraza cha mabati. Siku ya zamu yake Papa Anaclet alivaa kofia yake ya reli, akasimama mlangoni, akatuita kama abiria.

“Mupande, mupande. Bote mupande.”

Tulipokwisha kubanana mle ndani, magoti ya huyu mgongoni kwa yule, alichungulia nje na kuuliza, “Nani anabakia inje?” Hakuruhusu wimbo uanze mpaka apate jibu. Na siku zote alikuwepo mtu nje, mama aliyechelewa, au jirani asiye mkristo aliyesimama tu kusikiliza, naye akaingizwa. Sijui walivyofanya reli, ila kwa Papa Anaclet hakuachwa abiria.

Kisha zikaja nyumba mpya. Mnazijua: vigae, milango ya chuma, ukuta wenye vipande vya chupa juu. Katika moja yao akahamia Papa Kambale, mfanyabiashara kutoka Kivu ya Kaskazini, mwenye depo ya unga na mafuta na malori yanayopeleka mizigo mpaka njia ya Kinsevere. Mkristo mzuri, mtoaji, mwenye sauti ya pole. Aliomba zamu, tukampa. Tukaingia katika sebule ambayo Papa Anaclet angeweza kugeuza treni ndani yake. Makochi yalitosha watu wote, yamevishwa nailoni ili yasichafuliwe na maombi yetu. Soda zilikuwa baridi. Mlangoni tulipokewa na mlinzi na mbwa wawili ambao hawakuwa wamebatizwa.

Wiki iliyofuata Mama Chantal, mwenyekiti wa jumuiya, alisema ameguswa moyoni kwamba turudi pale. Wiki nyingine akaguswa tena. Roho Mtakatifu, aliyetuongoza miaka yote katika vyumba vya udongo bila kulalamika, ghafla alionekana amependa vigae. Na kwa kuwa kwa Papa Kambale makochi yalitosha, viti havikuhitajika. Vikabaki pale vilipopokelewa mara ya mwisho, kwa Papa Anaclet.

Mimi nilikuwa na jumuiya nyingine nyingi za kuangalia, na ya Monika ilionekana inastawi. Watu waliongezeka. Walikuja hata wa barabara zingine, wenye imani kubwa na kiu kubwa. Wakaunda kundi la simu, ambamo asubuhi mtu anatuma Injili na wote wanajibu “Amina” kabla hata haijafunguka. Nawasifu kwa kasi.

Kupitia kundi hilo nikapata habari kwamba Papa Anaclet ameanguka, upande mmoja umekufa, na maneno yamebaki machache mdomoni. Alitumiwa ile mikono midogo ya kusali, mingi, imejaza kioo chote cha simu. Hakuna hata mmoja uliompindua kitandani. Kazi hiyo alibaki nayo Mama Feli peke yake.

Jumapili baada ya misa nilimpelekea komunyo, maana nilikuwa na ruhusa ya kuwapelekea wagonjwa. Nilimkuta amelazwa ametazama mlango, amekonda, kofia ya reli imetundikwa ukutani juu yake. Viti vya buluu vilikuwa vimepangwa chumbani na kibarazani kwa mistari, visafi, vinang'aa. Nilidhani kuna wageni wanakuja. Nikawasha mshumaa, nikasali, nikamkaribia na hostia. Papa Anaclet akafunga mdomo, kama mtoto aliyeonyeshwa kijiko cha dawa chungu.

“Papa, njo komunyo,” Mama Feli akamwambia.

Akatikisa kichwa. “Bado.”

“Bado nini, Papa Anaclet?” nikauliza.

Alihangaika na midomo yake muda mrefu. “Bageni,” akasema. “Bageni bado.”

Mama Feli alinivuta kibarazani, akakaa kwenye kimoja cha viti vile, akalia bila sauti. “Anasema biti iko kwake, njo zamu iko yake. Zamu yake haiyaisha. Mwenye nyumba hawezi kupokea mbele ya bageni. Kila Tatu ananiambia nioshe biti, nipange. Ninapanga. Muntu hakuye. Ninakusanya. Mama Berthe, akufe bila kupokea? Miye nitajibu Mungu nini?”

Kila Tatu, yaani kila Jumatano, siku ya sala. Na wakati yeye anapanga viti, sisi tulikuwa upande wa pili tunakunywa soda.

Nawaeleza wazi, ninyi mnaoanza, kwamba nilikasirika. Katika hasira ile nilifanya kwanza kile ambacho kazi yetu inatufundisha kufanya, nikatafuta mkubwa. Mupe alikubali kuja mwenyewe. Alimweleza mgonjwa kwa Kifaransa kizuri sana kwamba Kanisa ni mama, na kwamba desturi za watu hazimfungi mwenye shida. Papa Anaclet alimsikiliza kwa heshima, mpaka mwisho. Kisha akasema, “Bado.” Mupe akambariki, akaniambia tuheshimu uhuru wa mgonjwa, akapanda pikipiki.

Jumatano nikaenda kwa Papa Kambale, nikasimama mbele ya makochi, nikawaambia jumuiya nzima habari hiyo ilivyo. Walisikitika. Watu wa Monika wanajua kusikitika, nilikuwa nimewafundisha mwenyewe. Kisha wakaanza kueleza kwa nini haiwezekani.

“Kule kwa Papa Anaclet njia iko mubaya, Mama,” akasema Mama Chantal. “Na shiye sasa tuko bengi. Tutaikala wapi?”

“Courant hakuna kule, taa itawaka na nini?” akasema mwingine.

“Vumbi ya mgodi, niko na kifua.”

Papa Kambale aliinua mkono, kwa adabu, nyumbani kwake mwenyewe. “Niko na gari, Mama Berthe. Tumulete mzee hapa. Tumubebe muzuri na kitanda yake.”

Wote wakapumua. Ilikuwa suluhisho la kikristo kabisa, lisilomtaka mtu yeyote kusimama. Nikalipeleka kwa Papa Anaclet, kwa kuwa ndiyo kazi niliyotumwa. Alinitazama kwa lile jicho moja lililobaki na nguvu, akanyoosha kidole kuelekea viti. Sikuhitaji Mama Feli anitafsirie.

Alikuwa anaisha. Kila nilipokwenda alikuwa mwepesi zaidi, na Mama Feli alikuwa ameanza kulala amekaa, mkono wake juu ya kifua cha mume wake, ili asiondoke bila yeye kujua. Nikaenda depo kumwona Papa Kambale peke yake. Njiani nilikuwa nimeandaa maneno makali juu ya ngamia na tundu la sindano. Nilikuta amekaa kati ya magunia ya unga, akanipa gunia la kukalia, akanisikiliza. Kisha akasema taratibu:

“Mama, unaona ukuta yangu na mulinzi, unasema huyu iko na kiburi. Kwetu, kaka yangu alitoka kusali na jumuiya. Mangaribi, njia ya siku zote. Hakufika nyumbani. Kutoka pale, jua ikianza kuingia na mimi niko njiani, ninarudi mbio, ninafunga mulango. Nikasema, basi Mungu akuje kwangu. Mimi nitamupa kiti.”

Maneno ya ngamia niliyameza yote. Nilikuwa nimekaa kwenye sebule ya mtu huyu mara nyingi, nimewacheka mbwa wake kimoyomoyo, na sikuwahi kumwuliza kwa nini anawafuga. Nilimshika mkono tu, nikaondoka.

Usiku ule nilimkumbuka Ba Donatien, ambaye alikuwa ameshazikwa, na ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kumhubiria mtu mpaka asimame. Alikuwa anapita tu na kiti.

Basi Jumatano nikaenda mapema kwa mupe, nikaomba hostia za watu wote badala ya ya mtu mmoja. Alinipa bila kuuliza swali, na sifa hiyo nampa, ingawa rozari ya plastiki bado sijamsamehe. Kisha nikaenda kwa Mama Feli. Alikuwa anapanga viti. Nikamwambia anitwike kimoja kichwani.

“Unakipeleka wapi, Mama Berthe? Papa atauliza.”

“Mwambie kinaenda kuita bageni.”

Nikapita barabara zote za jumuiya na kiti kile kichwani, miguu juu, polepole, nisiseme kitu. Mnajua nini kinatokea mtu wa Ruashi akiona kiti cha buluu kinatembea? Anatoka. Hajui kwa nini, miguu yake inajua. Mama mmoja alitoka na mikono yenye unga, akauliza sala iko wapi, nikaendelea kutembea, akafuata huku akijipangusa. Baba wa kumwombea jirani alitoka, na jirani wa redio akatoka naye. Wazee ambao tangu zama za vigae walikuwa wameacha kuja, kwa sababu mlinzi na makochi viliwatia aibu, walitoka wakifunga vilemba. Sikuwa nimewaona miezi mingi, na hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba hawapo. Kundi la simu liliwahesabu wote, kwa kuwa mtu akinyamaza humo anahesabiwa anasali.

Mama Chantal tulikutana naye njia panda, amevaa viatu vya kisigino, anaelekea kwa Papa Kambale.

“Mama Berthe, muko napotea? Sala iko huku.”

“Sala iko pale kiti iko, Mama Chantal.”

Alitutazama, akatazama lile kundi nyuma yangu, akatazama viatu vyake. Nitamwombea mema siku zote kwa ajili ya kile alichofanya. Alivivua, akavishika mkononi, akaingia katika msafara, akaanzisha wimbo kana kwamba mpango wote ulikuwa wake.

Tukafika kwenye lango la Papa Kambale. Alikuwa amesimama nje na Biblia, sebule nyuma yake imeandaliwa, anawaona wageni wake wakipita. Jua lilikuwa limeanza kushuka. Nilisimama mbele yake na kiti kichwani.

“Papa Kambale, tunaenda kwa Papa Anaclet. Utatembea katikati yetu. Na wakati wa kurudi, wote tutakurudisha mpaka hapa mlangoni.”

Alilitazama jua. Mkono wake ulikuwa umeshika kitasa. Mama wa unga akasogea huku, jirani wa redio akasogea kule, wakaacha nafasi katikati, saizi ya mtu. Akaachia kitasa, akaingia katika nafasi ile.

Kwa Papa Anaclet mlango ulikuwa wazi. Mama Feli alikuwa amemwegesha kwa mito na amemvisha kofia. Alipotuona, nusu ya uso wake ikacheka, na mdomo ukatafuta neno lake la zamani mpaka ukalipata.

“Mupande.”

Tukabanana kama zamani, viti vikajaa, kibaraza kikajaa. Tukasoma Injili. Na nawaambia ukweli, ule muda wa kimya, kwa mara ya kwanza katika kazi yangu yote, bamama wa Monika walinyamaza. Nikagawa komunyo, chumbani na nje, kisha kwa Mama Feli, kisha nikainama kwa mwenye nyumba. Akageuza kichwa kidogo, hakuwa ananikataa, alikuwa anatazama mlangoni.

“Nani,” akasema. “Inje.”

Nikageuka. Papa Kambale alikuwa amesimama kizingitini, nusu ndani nusu nje, anaangalia barabara. Hajapokea. Viti vilikuwa vimekwisha, isipokuwa kile nilichokuja nacho, kilichokuwa bado kimeegemea ukuta. Nikakiweka miguuni pa kitanda.

“Ingia, Papa Kambale,” nikamwambia. “Mzee anakungojea.”

Akaingia, akakaa, na nilipompa komunyo alilia waziwazi, bila kujificha kwa mtu. Kisha Papa Anaclet akafungua mdomo. Kwa haraka yangu nusura nimpige puani.

Tulipomaliza aliinua kidole kimoja kuelekea viti. “Bebeni,” akasema, akafumba macho. Zamu yake ilikuwa imeisha. Tulivibeba vyote jioni ile ile tukavipeleka kwa zamu iliyofuata, kwa Papa Kambale, tukiimba njia nzima. Yeye mwenyewe alikuwa katikati na kiti kichwani juu ya suti yake. Mlinzi hakumtambua, akakataa kufungua mpaka bosi alipotua kiti. Mbwa ndio waliomjua.

Papa Anaclet hakukaa sana baada ya hapo. Aliondoka asubuhi, mkono wa Mama Feli juu ya kifua chake, na alikuwa amepokea. Nilipofika kwenye kilio hakuna aliyekuwa ametuma ujumbe wowote kwenye simu, lakini viti vya buluu vilikuwa vimeshafika kibarazani, na Papa Kambale anavipanga.

Tangu pale viti vinatembea. Vigae vina zamu yao na udongo una zamu yake, na Mama Chantal husimamia zote mbili kwa ukali. Ninyi mna semina zenu na mashine ya fotokopi, na sitawafundisha kazi. Ninawaomba tu kitu kimoja: mkiona jumuiya inastawi sana, ulizeni viti viko wapi.

Mimi sasa ni mkristo wa kawaida, mwanamke wa mtaa mwenye muda mwingi na magoti mabaya. Wiki hii viti viko kwangu. Nimeviosha, nimevipanga chumbani na mlangoni, maji yako mezani na maandazi nimeyafunika, ingawa sheria ya maji tu niliilinda mwenyewe. Ninaandika nimekalia kimoja, chenye mguu uliopasuka, ili asikipate mwingine. Kila nikisikia nyayo barabarani nainua kichwa. Maandazi yananukia, na tangu asubuhi sijatia kitu mdomoni. Bageni bado.